Mguu Mikononi mwa Balqees

Balqees binti Khattab alikuwa akila jasho lake kwa kupiga magoti, na hilo ndilo lililomuudhi baba yake. Tusimlaumu mzee haraka. Ukoo ule ulirudi Oman kutoka Unguja na masanduku mawili na majivuno yasiyoenea katika sanduku lolote, na ndani ya majivuno hayo hapakuwa na nafasi ya binti aliyesoma chuo, mwenye kabila lake na jina lake, kushinda amepiga magoti mbele ya watu asiowajua akiwashika miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye jumba la theluji, ndani ya moli moja ya Maskati. Nje lami inalainika kwa jua. Ndani kuna kilima cha theluji ya mashine, na watu wanatoa pesa zao ili watetemeke. Kabla ya kukipanda kilima lazima mtu avae buti za skii, na hizo si viatu vya kuchomeka miguu ukaenda zako. Ni gamba gumu la plastiki lenye bizimu nne za chuma, na ndani yake bitana nene ya kuuzunguka mguu. Buti ikipwaya, mguu unacheza ndani na mtu anavunja goti. Ikibana mahali pasipo pake, anarudi na malengelenge. Basi panatakiwa mtu wa kupiga magoti, aushike mguu, aipashe bitana kwa hewa ya moto mpaka ilainike, aweke kipande cha sponji kisiginoni, akaze bizimu hii na kulegeza ile. Na aulize. Vidole vinagusa mbele? Ukikunja magoti vinarudi nyuma? Kisigino kinapanda? Panauma popote? Maana mashine zote zilizomo mle, hakuna hata moja inayoweza kuyajibu maswali hayo badala ya mwenye mguu.

Aliyemfundisha kazi ni Nakimuli, mwanamke wa Kampala aliyefika Maskati kwa kazi za ndani, akazunguka nyumba za watu mpaka alipochoka, kisha akapata kibarua cha kusafisha pale na kwa akili zake akapanda mpaka kwenye benchi la buti. Nakimuli alikuwa na sharti moja tu: mguu uonekane mtupu kwanza.

"Mtu atakudanganya, sista," alimwambia Balqees wiki ya kwanza. "Anasema yuko sawa kwa sababu anataka kuenda kucheza. Lakini soksi ikitoka, unaona mwenyewe. Hata awe waziri, soksi inatoka."

Na kweli ilitoka kwa kila mtu. Balqees aliona sugu, kucha zilizozama nyamani, vidole vilivyopandana, na hakuna aliyekufa kwa haya. Aliipenda kazi ile. Aliipenda zaidi pale mtu aliyeingia akilalamika aliposimama ndani ya buti, akakunja magoti na uso wake ukatulia.

Nyumbani kwao Mabela hapakuwa na wa kumsimulia. Khattab alikuwa amestaafu forodha. Maisha yake yote ya kazi aliwaamuru watu wafungue mizigo yao, naye mwenyewe hakuna aliyejua amebeba nini, hata mkewe, Wadha, aliyelala naye chumba kimoja tangu ujana. Binti yake alipoanza kazi ya buti, hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliacha tu kumuuliza habari zake. Tangu Balqees yuko shule ya watoto, baba yake alikuwa akimpokea mlangoni na neno moja, "Leo vipi?", naye akimwaga yote. Sasa alirudi kazini akakuta mlango mtupu. Wageni wakimuuliza mzee, alijibu, "Balqees yupo kwenye utalii," na hapo hapo akawasogezea halua. Miezi ilipita hivyo, na Balqees aliumia kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Alhamisi moja baada ya Idi, jumba lilikuwa limejaa. Balqees alikuwa akimvisha buti kijana mmoja wa Bustan, mcheshi, aliyejibu kila swali kwa mbwembwe. Vidole vinagusa mbele? "Vinagusa, kama vinabisha hodi," alisema kwa Kiarabu, na watu wa benchi wakacheka. Na ukikunja magoti? "Vinasema basi, hakuna mtu, vinarudi zao." Balqees naye alicheka, akainua kichwa, na nyuma ya kijana, kwenye benchi la kungojea, akamwona baba yake amekaa na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono kichwani, fimbo katikati ya magoti.

Alimaliza na kijana, akamfuata mzee.

"Baba? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama." Mzee aliangalia pembeni. "Nimekuja niione hiyo theluji yenu. Nna umri wote huu, sijapata kuiona. Na nikuone na wewe."

Hayo tu. Lakini kwa aliyemjua Khattab, hayo yalikuwa mengi kama hotuba. Balqees akasema, "Haya, Baba. Karibu."

Nakimuli alikuwa benchi la pili, na jicho lake halikosi kitu. Akamnong'oneza, "Huyo ni baba yako? Wacha mimi nimfanyie. Mtu hawezi kumpima mzazi wake, anaona haya."

"Baba yangu nitamvisha mwenyewe," alisema Balqees. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha haambiliki.

Akapiga magoti. Chini ya kanzu mzee alikuwa na suruali, na soksi ndefu nyeupe zilizofika chini ya goti. Balqees akaweka mkono kwenye soksi ya kulia.

"Baba, nivue hii kidogo nitizame mguu."

Khattab aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Mbele za watu?"

Benchi lilikuwa limejaa kweli. Pembeni yao palikuwa na familia nzima kutoka Sidab, akinamama na mabinti, wote macho. Na kwa watu hawa sitara ni nusu ya utu. Mtu hufunikwa kasoro yake akiwa hai, na hufunikwa akiwa maiti; mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii baba yake, mbele ya wanawake wa watu, toa mguu wako tuukague. Balqees alilijua sharti la kazi na aliijua adabu ya nyumbani, na vitu hivyo viwili vilipokutana pale kwenye soksi, adabu ndiyo iliyoshinda. Alimtupia jicho Nakimuli, akaona amempa mgongo.

"Bas, iwache, Baba. Hii soksi nyembamba, inafaa."

Mtu atauliza, hakujua kwamba baba yake ana sukari? Alijua. Mtaa mzima wana sukari. Huzungumzwa kama watu wanavyozungumza joto, na baada ya mazungumzo husogezwa sahani ya halua. Asichokijua, na hakuna aliyekijua ila Khattab, ni kwamba sukari ilikuwa imekwisha kula hisia za miguu yake, na kwamba mzee alikuwa akitizama chini kila alipotembea ili ajue mguu umefika wapi.

Balqees aliipasha bitana, akamchomeka mguu, akauliza.

"Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa kidogo, kama vinabisha hodi."

Alicheka kumsikia baba yake akifanya utani. "Na ukikunja magoti?"

"Vinarudi nyuma."

"Kisigino kinapanda?"

"Hakipandi. Kimekaa."

"Panauma popote, Baba? Kweli?"

"Haliniumi jambo, mwanangu. Sijapata kuvaa kiatu kama hiki."

Hata watu waliozoea skii hawakumjibu vizuri namna ile. Balqees alikaza bizimu moja baada ya moja, kisha akaushika mguu wa baba yake, kwa mikono miwili, mmoja chini ya gamba na mmoja juu kwenye muundi, akaukalisha sawa. Akaushika kidogo zaidi ya ilivyolazimu. Khattab alikuwa akiitazama mikono ile. "Kumbe ni kazi hasa," alisema, na Balqees akaona kifua kinamfunguka.

Alimwangalia kupitia kioo. Mzee, amevalishwa koti la kukodi juu ya kanzu iliyokunjwa na kuchomekwa, akishikwa na mwalimu, aliteleza kwenye kilima cha watoto, akaanguka, akainuka, akaanguka tena na kucheka mpaka akashika mbavu. Balqees alikuwa hajapata kumwona baba yake akicheka mdomo wazi. Alimwacha akae ndani mpaka saa yake ikaisha na nyingine ikaingia.

Aliporudi, buti ya kulia ilitoka kwa taabu. Mzee aliuvuta mguu upesi, akauingiza kwenye kiatu chake na soksi yake vile vile, akasema amechelewa Laasiri. Bitana ilikuwa imelowa huku mbele kwenye vidole. Bitana zile ni nyeusi. Balqees alidhani ni theluji iliyoyeyuka, akapulizia dawa, akaiweka kwenye mashine ya kukaushia, akamwita mtu mwingine.

Siku ile aliporudi nyumbani, Khattab alikuwa mlangoni. "Leo vipi?" akauliza, kana kwamba hajaacha kuuliza hata siku moja.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Mzee aliuliza kila siku, akasikiliza, akataka kujua gamba linatanuliwaje, sponji inakatwaje. Walipokuja wageni, hakusema utalii. "Binti yangu anavisha watu buti za theluji," alisema. "Mimi mwenyewe kanivisha." Wadha alinuna kidogo, maana yeye kazi ile hakuipenda wala hakulificha hilo, lakini mume akisharidhika angesema nini.

Jambo moja lilimshangaza Wadha: ubani. Khattab, ambaye zamani akilalamika kwamba moshi unamkereketa, sasa alifukiza chumba asubuhi na jioni, akakaa kando ya chetezo kanzu yake ikijaa moshi. "Baba yako anataka kuoa," Wadha alimwambia Balqees, nusu utani. Tena mzee aliacha kwenda msikitini. Magoti, alisema, akasali chumbani, akatawadha na mlango umefungwa kwa komeo.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, Khattab aliinuka kwenda kunawa. Balqees alikuwa akikusanya sahani. Kwenye vigae vyeupe aliona alama ya mguu, kisha nyingine, zote za kulia: unyevunyevu wa njano wenye ukingo mwekundu. Akainua macho kumwangalia baba yake anavyokwenda. Mzee alikanyaga imara, mguu wote chini. Hakuchechemea hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Balqees hofu mwili mzima, kwa sababu miguu aliijua.

Alimfuata chumbani, akafunga mlango.

"Baba, kaa. Nakuvua soksi."

"Wacha, Balqees."

"Hapa hapana watu."

Soksi ilishikana na mguu. Ilibidi ailoweshe kwanza. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, kimekauka. Chini ya wayo, pale mguu unapokunjika, palikuwa na shimo ambalo kidole cha mtu kingeingia, na ndani yake palionekana kitu cheupe ambacho Mungu amekifunika kwa nyama ili kisionekane. Na harufu, sasa ubani wote wa Dhofar usingeificha. Balqees aliuweka mguu ule juu ya paja lake.

"Ni kidonda tu cha buti," alisema Khattab. "Soksi ilijikunja ndani. Nilikiona siku ile ile nilipotawadha. Kilikuwa kidogo hivi."

"Siku ile ile? Na hukusema?"

"Ningesema, mama yako angekutoa kazini kesho yake. Mimi ndo nimekwisha kukutia uchungu kiasi chake." Akamgusa bega. "Na kwani hakiniumi."

Mara tano kwa siku mtu yule alikuwa akiuosha mguu ule kwa udhu, na katika madhehebu yao hakuna kupangusa juu ya soksi, maji lazima yafike. Mara tano kwa siku alikiona kidonda kinavyokua, akakifunika na kukifukizia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema watu, lakini methali haikusema kitu juu ya mtu anayeyaficha maradhi ili mwanawe asilaumiwe. Balqees alikasirika, akamhurumia, akakasirika tena, na yote hayo akiwa anafunga kidonda kwa leso.

Hospitali daktari hakuzungusha maneno. Usaha umeingia kwenye mfupa na unapanda. Mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe kabla ya kesho. Vinginevyo sumu itaingia kwenye damu na hapo hapatakuwa na la kukata. Khattab alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Mguu wangu nnausikia," alisema. "Kiungo kinachosikia hakikatwi. Sitoi ruhusa."

Daktari alimpima kwa uzi mgumu wa plastiki wa kupimia hisia, akimchoma hapa na hapa, na mzee akajibu kila mara, macho yake yakiufuata mkono wa daktari. Akaambiwa afumbe macho. Akasema hafumbi, yeye si mtoto. Jamaa walikuja wakamsihi. Shekhe wa mtaa alikuja. Kila aliyeingia alitoka kichwa chini, na homa ilikuwa inapanda.

Balqees alikuwa kwenye korido, amesimama ukutani. Tangu alipoivua ile soksi alikuwa akilisikia neno moja tu kichwani, vinabisha hodi. Utani ule haukuwa wa baba yake. Ulikuwa wa kijana wa Bustan. Mzee alikaa nyuma kwenye benchi, akasikiliza maswali na majibu, akayashika, na zamu yake ilipofika akayarudisha kama alivyoyapokea.

Wadha alitoka chumbani, macho yamemvimba. Alisimama mbele ya binti yake. Hakupiga kelele.

"Wewe ndo uliyemvisha," alisema. "Nenda kamvue."

Neno lile lilimkata Balqees, na lilikuwa kweli. Aliingia.

Jua la jioni lilikuwa limejaa kwenye pazia. Khattab alilala chali, uso umekwisha nyama, midomo imekauka. Alipomwona alijaribu kutabasamu.

"Wamekutuma na wewe."

"Wamenituma. Lakini sitakwambia utoe ruhusa. Nataka nikupime, kama kule kazini. Ukiwa unausikia mguu wako, nitawaambia wote wakuwache."

Hilo Khattab alilipenda. Binti yake alikuwa upande wake.

"Pima."

"Funika macho, Baba."

Kwa daktari alikataa. Kwa huyu aliweka mkono juu ya macho. Balqees alingoja kidogo.

"Hapa?"

"Kidole gumba."

"Na hapa?"

"Chini ya wayo. Mikono yako ina baridi."

"Hapa?"

"Kisigino. Unanifinya kidogo." Alisema bila kusita, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto na hataki afeli.

"Tizama, Baba."

Khattab aliuondoa mkono. Balqees alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mbali na kitanda, mikono yake mapajani.

"Sijakugusa," alisema. "Hata mara moja."

Mzee aliutazama mguu wake uliofungwa bandeji, akaitazama mikono ya binti yake, akarudi kwenye mguu. Kisha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na siku ile? Kule kwako?"

"Siku ile nilikushika. Nilikushika kwa mikono miwili, Baba. Kazi ilikwisha na mimi nikawa bado nimekushika."

"Nilikuona," alisema Khattab. "Nilikuona umenishika. Kuona niliona." Machozi yalimtoka akayaacha yateremke. "Kusikia, sikusikia kitu. Nikajisemea, atajuaje? Nimjibu vizuri tu, afurahi."

"Nilifurahi, Baba."

"Basi waukate," alisema. "Waambie waukate." Akauweka tena mkono juu ya macho, na safari hii ni kwa sababu hakutaka kuonekana.

Balqees alikuwa akilia. Alinyanyua kiti taratibu, akakiweka miguuni pa baba yake. Mguu wa kulia hakuthubutu kuugusa. Akaingiza mikono chini ya shuka, akaukamata wa kushoto, ule mzima, usio na jeraha, wenye joto lake na vidole vyake vyote vitano, akaukaza kwa viganja viwili kama alivyoukaza mwenzake siku ile.

Khattab alibaki na mkono juu ya macho. Kisha akageuza kichwa kwenye mto, upande wa dirisha, ambako kiti kilikuwa.

"Balqees. Bado upo?"

"Nipo, Baba."

"Usikae mbali basi. Njoo unishike."

Vidole vya Balqees vilikuwa bado vimeuzunguka mguu ule wa kushoto, vimeukaza mpaka vimekuwa vyeupe. Aliviachia kimoja kimoja, akaufunika mguu kwa shuka, akasogea na kiti mpaka kichwani kwa baba yake, akamshika mkono.